Mnyama Mkali Yumo Katika Basi Mbaya

"Mnyama mkali yumo katika basi mbaya (5)."

Ukiisoma sentensi hiyo kama habari, unawaona abiria wakirukia madirishani na kondakta akiwa wa kwanza kufika chini. Mfumbuaji hashughuliki na abiria. Anatazama maneno mawili ya mwisho jinsi yalivyoandikwa, anaziba nafasi iliyo kati yake, anaacha herufi mbili za mwanzo na mbili za mwisho, na katikati anamkuta SIMBA, herufi tano kamili. Mnyama mkali yumo kweli katika "basi mbaya". Sentensi imesema ukweli mtupu, ila imeusema kwa namna ya kumfanya msomaji atazame pengine.

Hii ndiyo aina ya chemshabongo ambayo Waingereza wameilea kwa karibu miaka mia moja, na ambayo kwa imani yangu Kiswahili kinaistahili na kinaiweza. Kidokezo chake kina sehemu mbili. Ya kwanza ni fasili ya jibu, kama zile tulizozoea katika magazeti yetu, nayo hukaa mwanzoni au mwishoni mwa kidokezo, kamwe si katikati. Ya pili ni mchezo wa maneno unaolijenga jibu lilelile kwa njia nyingine: kwa kulificha, kulivuruga, kuligeuza au kuliunga vipande vipande. Namba iliyo kwenye mabano ni idadi ya herufi. Njia hizo mbili huanzia pande tofauti na kukutana kwenye neno moja. Zikikutana umepata, na huhitaji mtu wa kukuthibitishia.

Hapo ndipo fumbo hili linapotofautiana na kitendawili. Tunapotega "nyumba yangu haina mlango", jibu ni yai. Kwa nini lisiwe jiwe, au kaburi, au nazi? Kwa sababu wazee walisema yai. Kitendawili kina uzuri wake, na mtoto aliyelelewa navyo hujifunza kuona vitu kwa jicho la pili. Lakini jibu lake ni la kurithi: anayelijua analo, na asiyelijua hutoa mji. Fumbo la Kiingereza limebeba ushahidi wake ndani. Mgeni aliyefika jana, asiye na babu wa kumsimulia, anaweza kulifumbua na kulitetea jibu lake mbele ya yeyote.

Chemshabongo yenyewe ilizaliwa Marekani. Tarehe 21 Desemba 1913 gazeti la New York World lilichapisha mchezo wa vyumba uliopangwa kwa umbo la almasi, kazi ya Arthur Wynne, mhariri mzaliwa wa Liverpool. Vidokezo vyake vilikuwa fasili tupu. Mchezo ulipovuka bahari na kuenea Uingereza katika miaka ya 1920, Waingereza hawakuridhika kuulizwa maana ya neno, walitaka kuchezewa. Edward Powys Mathers, mshairi na mfasiri, akaanza kutunga katika gazeti la Observer mwaka 1926 kwa jina la Torquemada, mkuu wa mahakama ya Hispania iliyosifika kwa kuwatesa walioitwa wazushi. Jina lilieleza kazi. Vidokezo vyake vilikuwa vikali, vilijaa fasihi, na mara nyingi vilimwacha msomaji gizani.

Alipofariki mwaka 1939, nafasi yake ilichukuliwa na mwalimu wa Kilatini na Kigiriki, Derrick Macnutt, aliyejiita Ximenes, jina la mkuu mwingine wa mahakama hiyohiyo. Huyu ndiye aliyeweka sheria. Katika kitabu chake cha mwaka 1966 alishikilia kwamba kidokezo kizuri kina fasili sahihi, kina mchezo wa maneno ulioelekezwa kwa haki, na hakina neno lolote la ziada. Mtunzi anaruhusiwa kumpoteza msomaji njia, ila haruhusiwi kumdanganya. Wapo watunzi wakubwa walioona sheria hizo zinabana mno, na ubishi huo unaendelea Uingereza hadi leo. Mimi nasimama upande wa Ximenes. Fumbo lisilo na haki ni kiburi cha mtunzi tu.

Sasa tuone zana zenyewe, na tuzione kwa Kiswahili, maana vidokezo vya Kiingereza havitafsiriki. Kipo kimoja mashuhuri ambacho ni herufi HIJKLMNO tu, na jibu lake ni neno la Kiingereza la maji: herufi zinaanza na H na kuishia O, na kwa Kiingereza "kutoka H hadi O" hutamkwa sawa na H2O, alama ya maji katika kemia. Ni kidokezo kizuri ajabu, lakini ukikileta kwetu kinafia njiani.

Chukua hiki basi: "Habari za vurugu kwenye maji ya chumvi (6)."

Juu juu ni kichwa cha habari. Pengine maharamia wameteka meli, pengine wavuvi wamegombana. Mfumbuaji anajiuliza kwanza: fasili iko wapi? Ama ni neno "habari" mwanzoni, ama ni "maji ya chumvi" mwishoni. Kisha anatafuta neno linaloonekana la kawaida lakini linatoa amri. "Za vurugu" ndilo lenyewe. Katika lugha ya mchezo huu, neno lolote la vurugu, ulevi, ajali, kupikwa, kucheza ngoma au kuharibika laweza kuwa ishara kwamba herufi zilizo jirani zichanganywe upya. Zilizo jirani ni H-A-B-A-R-I, nazo ni sita, sawa na namba kwenye mabano. Zichanganye: BAHARI. Neno "kwenye" limefanya kazi ya daraja tu, kutoka kwenye mchezo kwenda kwenye fasili. Kila neno limehesabiwa na hakuna lililobaki bila kazi. Ukiweza kusema hivyo juu ya kidokezo, umekieleza, na Waingereza huuthamini ufafanuzi huo kuliko jibu lenyewe. Mtu anaweza kubahatisha jibu, lakini hawezi kubahatisha ufafanuzi.

Cha aina hiyohiyo: "Masika yaliyovurugika yameleta kitoweo (6)." Herufi za MASIKA zikivurugika zinatoa SAMAKI. Kidokezo hiki ni changu. Sikuzipanga mimi herufi hizo zioane. Lugha ilikuwa nazo tangu zamani, zikingoja mtu azitazame.

Zana ya pili ni kuunga. "Paka hakumaliza chai kwenye kikapu cha makuti (7)." Paka ni PAKA. Chai ambayo haikumalizwa ni chai isiyo na mwisho wake, yaani CHA. Unga: PAKACHA, na pakacha ni kikapu cha makuti, kama ajuavyo kila aliyewahi kubeba nazi au maembe pwani. Zana ya tatu ni kufunika: "Jasho lafunika nusu ya baba, ndiyo taarifa (6)." Jasho kwa jina jingine ni HARI, nusu ya baba ni BA, na HARI ikiifunika BA inakuwa HABARI. Neno lilelile lililovurugwa hapo juu sasa limezaliwa kwa njia nyingine kabisa.

Zana ya nne haihitaji kujenga chochote, ila fasili mbili zilizosimama bega kwa bega. "Mnyama wa kukunia nazi (5)" ni MBUZI, wa zizini na wa jikoni. "Keti na mwenye magando (3)" ni KAA. Hapa Kiswahili ni tajiri kupindukia. Fikiria paa, ua, kata, panda, tai, shuka, meza, kanga, chungu. Washairi wa Mombasa na Lamu walikwisha kuichuma bustani hii zamani, wakijibizana kwa mafumbo ambayo mjinga aliona maneno tu na mwerevu akaona shabaha.

Lakini utajiri huo una mlinzi mkali, nao ni upatanisho wa kisarufi. Mtunzi wa Kiingereza anajificha kwa urahisi kwa sababu maneno yake hayavai sare. Neno moja laweza kuwa nomino au kitenzi na sentensi isimsaliti. Kwetu mambo si hivyo. Nikisema "kaa huyu" nimeshamtaja wa baharini, nikisema "kaa hili" nimetaja la moto. "Paa huyu" yuko porini, "paa hili" liko juu ya nyumba. Kiambishi kimoja tu kinafichua siri yote. Kwa hiyo mtunzi wa Kiswahili analazimika kuisuka sentensi yake ili upatanisho uangukie neno jingine. Katika "mnyama wa kukunia nazi", "wa" ni la mnyama kihalali kabisa, na mbuzi wa jikoni anapita chini ya kivuli chake. Kazi ni ngumu zaidi kuliko ya Mwingereza, ndiyo maana ikifanikiwa inapendeza zaidi.

Zana ya sauti nayo inatupa shida. Kiingereza kina maneno mengi yanayotamkwa sawa na kuandikwa tofauti, na watunzi wake huishi humo. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Kidogo tulichonacho ni tofauti za matamshi, kama kwa wasemaji wengi wanaotamka "dhana" na "zana" bila tofauti. Mtunzi mwangalifu ataigusa mara chache, tena bila kumcheka mtu kwa lafudhi yake.

Tunachokosa kwenye sauti tunakipata kwenye kinyume. Watoto wa pwani wamekuwa wakisema kwa kinyume tangu enzi na enzi: silabi ya mwisho inatangulia mbele, nyumba inakuwa mbanyu, kitabu kinakuwa bukita, na wakubwa wasiozoea wanaachwa solemba. Mwingereza anapogeuza neno huligeuza herufi kwa herufi. Sisi tunaweza kugeuza silabi kwa silabi, kama sikio letu lilivyozoea. "Lima kinyume upate utajiri (4)": LIMA inageuka MALI. Hakuna aliyehitaji kutufundisha zana hii. Tulikuwa nayo kabla ya Wynne kuchora vyumba vyake.

Vitenzi vyetu virefu ni mahali pengine pa kujifichia. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kinabeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli, na ndani yake mna neno jingine zima limelala. "Mnyama wa nyumbani anapakatwa kidogo (4)." Tazama kitenzi "anapakatwa": katikati yake yumo PAKA. Neno "kidogo" linaagiza uchukue sehemu tu ya kitenzi. Tena soma sentensi yote upya bila mchezo wowote. Mnyama wa nyumbani anayepakatwa kidogo ni nani? Ni paka yuleyule. Kidokezo kizima kimegeuka fasili ya jibu lake. Hiki ndicho kilele ambacho watunzi wa Kiingereza hukitafuta maisha yao yote.

Waingereza hawakulichukulia fumbo kama mchezo wa kupoteza muda. Mwezi Januari 1942, vita vikiwa vimepamba moto, gazeti la Daily Telegraph liliandaa shindano la kufumbua chemshabongo chini ya dakika 12. Baadhi ya walioshiriki walipokea baadaye barua za kuwaita kwenye kazi ya siri. Kazi hiyo ilikuwa Bletchley Park, kituo cha kuvunja misimbo ya Wajerumani. Ukitafakari, ni wito wenye mantiki: mtu aliyezoea kuyaona maneno bila kuyaamini ndiye uliyemhitaji mbele ya ujumbe uliofichwa.

Miaka miwili baadaye gazeti hilohilo liliwatia majasusi wa nchi yake kiwewe. Katika wiki za mwisho kabla ya majeshi ya washirika kutua Normandy tarehe 6 Juni 1944, majibu ya chemshabongo yalianza kutaja majina ya siri ya operesheni hiyo: Utah na Omaha, fukwe mbili za kutua, Overlord, jina la mpango wote, Mulberry, bandari za kuelea, Neptune, upande wa majini. Maofisa wa usalama walimfuata mtunzi, Leonard Dawe, mwalimu mkuu wa shule iliyokuwa imehamishwa kutoka London kwa sababu ya mabomu. Walimhoji, na hawakukuta ujasusi wowote. Maelezo yaliyokuja miongo kadhaa baadaye kutoka kwa aliyekuwa mwanafunzi wake ni kwamba mwalimu aliwaruhusu wanafunzi wamjazie vyumba kwa maneno, kisha yeye akatunga vidokezo. Nao wanafunzi walikuwa wameyaokota maneno hayo kwa wanajeshi waliopiga kambi jirani.

Kuna tukio jingine linalonigusa kuliko hilo la vita. John Graham alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana aliyetunga katika gazeti la Guardian tangu mwaka 1958, na kwa jina la Araucaria alipendwa kama walivyopendwa watunzi wachache. Januari 2013, akikaribia miaka 92, gazeti lilichapisha fumbo lake lililokuwa na maelezo mafupi juu yake: Araucaria ana kitu fulani kilichoandikwa kwenye wima namba 18, cha kitu kilicho kwenye namba 19, kinachotibiwa kwa namba 13 na 15. Wasomaji wakakaa na kalamu zao na chai zao kama kila siku. Walipojaza vyumba wakasoma: saratani, umio, tiba shufaa. Alikuwa anawaaga. Hakutaka watangaziwe na mtu mwingine, wala hakutaka waipate habari hiyo bila kuifanyia kazi kama walivyofanya pamoja kwa zaidi ya nusu karne. Alifariki Novemba mwaka huohuo. Fumbo linaweza kubeba uzito kiasi hicho pale tu mtunzi na mfumbuaji wanapoaminiana kabisa.

Tunao wasomaji wa kuaminiwa hivyo. Waliokulia kwenye taarabu wanajua kupima mstari mara mbili. Wanaosoma maandishi ya kanga wanajua kwamba neno limeelekezwa kwa jirani ingawa halimtaji jirani. Tuna utamaduni mzima wa kufumba na kufumbua, halafu tunapofungua ukurasa wa burudani siku ya Jumamosi tunaulizwa mji mkuu wa nchi fulani, herufi saba. Hilo ni swali la jiografia. Lugha yenyewe haikuguswa.

Kuna jambo la kiufundi ambalo watunzi wetu watalazimika kuliamua. Maneno ya Kiswahili huishia karibu yote kwa irabu, na konsonanti na irabu hupokezana. Katika vyumba vya herufi mojamoja, hilo hufanya herufi za makutano zisisaidie sana; kupata A ya mwisho si habari mpya kwa mtu yeyote. Wajapani huweka silabi moja katika kila chumba, kwa kuwa ndivyo wanavyoandika. Nasi tunaweza kufanya vivyo hivyo: BA-HA-RI vyumba vitatu, SI-MBA vyumba viwili. Kila mtoto aliyepita darasa la kwanza amekariri ba, be, bi, bo, bu. Mfumo tunao vichwani. Silabi kwenye chumba italipa kila kutano uzito wake, na itakifungulia kinyume uwanja mpana. Ningependa kuona angalau gazeti moja likijaribu.

Ombi langu kwa wahariri si kubwa. Tengeni pembe moja ya ukurasa wa mwisho wa wiki, na mumpe mtunzi mmoja anayeipenda lugha. Wiki inayofuata chapisheni majibu pamoja na ufafanuzi wa kila kidokezo, maana fumbo lisiloelezwa humfukuza anayeanza. Walimu wa Kiswahili nao wasingoje gazeti. Wanafunzi wanaochoka kukariri ngeli wataziona kwa macho mapya siku watakapojaribu kumficha kaa au paa katika sentensi na upatanisho ukawaumbua.

Na wewe msomaji, usiondoke mikono mitupu. Hiki hapa kimoja ambacho sitakutolea jibu: "Kazi ikienda kinyume, fukia (4)." Zana zote unazozihitaji zimo katika makala haya.